Kadi mpya ya grafiki: feni zinazunguka, skrini giza. Naombeni msaada kabla sijairudisha

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimebadilisha kadi ya grafiki, na tangu saa nane mchana nipo sakafuni na bisibisi mkononi. Kadi ya zamani nimeitumia miaka mingi bila shida. Nikaitoa, nikapachika mpya, nikawasha. Taa za kasha zikawaka, feni ya prosesa ikazunguka, feni za kadi zikazunguka kidogo kisha zikasimama. Monita ikaniandikia kwamba haipati mawimbi, halafu ikalala. Nikirudisha ile ya zamani, kila kitu kinarudi kama hakijatokea kitu.

Vifaa vyangu: mazabodi ya mwaka 2014, prosesa ya Intel yenye grafiki ya ndani, RAM GB 16, pawasaplai ya wati 650. Windows 10, ila ilianza kama Windows 7 nikaipandisha, sijawahi kufomati. Kadi mpya ina tundu moja la umeme la pini 8 na nimelichomeka. Na kabla hamjauliza, kebo ya monita iko kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi.

Hii kadi nimeidunduliza muda mrefu. Kama nimeiharibu wakati wa kuipachika, niambieni tu nijue.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu. Hapo ni pawasaplai, mimi yalinikuta. Kadi za siku hizi zinakula umeme kweli kweli. Tafuta ya wati 850 utaona picha.

#3 Fundi

Mkuu mleta uzi, tafadhali usinunue kitu chochote bado. Na usiirudishe kadi leo. Nimeshaona watu wakibadilisha pawasaplai, kisha RAM, kisha mazabodi, wakifuata giza moja ambalo hawakuwahi kuliuliza linaanzia wapi. Swali la kwanza ni hilo: mashine yako inafika wapi kabla ya giza?

Kuna hali tatu tofauti kabisa. Kwanza, mazabodi haijamaliza ukaguzi wake wa mwanzo, imekwama. Pili, imemaliza, na Windows imefunguka gizani, ila picha haifiki kwenye monita. Tatu, unaona nembo ya mazabodi vizuri, halafu giza linaingia pale Windows inapopakia draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Fanya hivi. Washa, subiri dakika mbili nzima, kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake kwenye kibodi ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine haijaganda, iko hai huko gizani. Isipojibu, imekwama njiani. Halafu chungulia ukingo wa mazabodi, mara nyingi karibu na RAM au pale inapochomeka plagi kubwa ya umeme. Mazabodi nyingi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Niambie ipi inabaki inawaka. Kama hazipo, tafuta spika ndogo ya mazabodi usikilize milio. Kwa mazabodi nyingi, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili au mitatu ni malalamiko kuhusu kadi ya grafiki.

Feni za kadi kusimama zisikutishe. Kadi nyingi za sasa huzima feni zake zenyewe zikiwa za baridi, zinaanza tena joto likipanda.

Kuhusu umeme, namheshimu mchangiaji hapo juu, ila tupige hesabu. Sloti ya PCIe, ile kadi inapopachikwa, inatoa hadi wati 75. Kebo ya pini 8 inatoa hadi wati 150. Kwa hiyo kadi yenye tundu moja la pini 8 imepangiwa jumla ya wati 225 tu, na wakati wa kuwasha haitumii hata robo yake. Pawasaplai dhaifu kwa kawaida inakuangusha ukiwa katikati ya gemu, mashine inazima ghafla. Kukunyima picha ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, ni nadra.

Kitu cha umeme ninachokiogopa zaidi ni kebo yenyewe. Ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ya prosesa nayo ina pini 8, ila hugawanyika 4 na 4, na nyaya zake za volti 12 ziko upande ambao kebo ya kadi imeweka ardhi. Maumbo ya pini yanakataa kuingiliana, lakini mtu mwenye nguvu na haraka anaweza kulazimisha. Angalia plagi imeandikwa nini. Na kama pawasaplai yako ni ya kebo zinazochomolewa, hakikisha hukuazima kebo ya pawasaplai nyingine. Upande wa kadi zote zinafanana, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na kosa hilo linaunguza vifaa papo hapo.

#4 Mleta uzi

Asante sana mkuu kwa kuandika kwa kirefu. Majibu:

Kebo ni ya 6 na 2, imeandikwa PCIe, ni ya pawasaplai hii hii. Caps Lock haijibu kabisa, nimesubiri hata dakika tano. Taa ya VGA imewaka na haizimi. Nimechomeka spika ndogo iliyokuwa droo: mlio mmoja mrefu, mifupi mitatu, halafu kimya.

#5 Fundi

Vizuri sana, sasa tunajua. Mazabodi inafika kwenye kadi ya grafiki na inakwama hapo. RAM na prosesa ziache zipumzike.

Kinachofuata ni kukaa kwa kadi. Zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kasha kabla ya kushika kadi. Ichomoe, itazame ukingo wake wa dhahabu. Kadi mpya mara nyingine huja na kifuniko cha plastiki hapo, na vingine kwenye matundu ya HDMI na DisplayPort. Vyote vitoke.

Ukiirudisha, usitazame kutoka juu. Lala chini, tazama kwa ubavu, macho yawe sawa na sloti, na uwe na tochi. Mstari wa dhahabu unatakiwa uwe umezama sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona upande mmoja dhahabu inang'aa zaidi ya mwingine, kadi imekaa mshazari. Mara nyingi mkosaji ni ule ulimi wa bati unaoshuka nyuma ya kasha. Unapanda juu ya bati badala ya kuingia nyuma yake, unaiinua kadi nzima upande ule, na skrubu ukizikaza ndipo zinazidi kuipinda. Legeza skrubu, isukume kadi hadi kifungio cha sloti kilie, kisha ndipo ukaze.

#6 Mleta uzi

Mkuu, umeniona kwa macho gani! Ulimi ulikuwa umekalia bati kama ulivyosema. Upande wa kifungio kadi ilikuwa imezama, upande wa matundu ya monita imeinuka kama milimita mbili hivi. Kwa juu ilionekana imenyooka kabisa. Nimelegeza, nimesukuma, imelia "tak" ambayo mwanzoni sikuisikia.

Nikawasha nikiwa na uhakika tumemaliza. Bado giza. VGA ile ile, milio ile ile. Kwa kweli hapa nimekata tamaa, nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe wa kuirudisha.

#7 Mchangiaji wa pili

Jaribu kubadilisha kebo ya monita. Kuna kebo za DisplayPort zilizotengenezwa vibaya zenye waya kwenye pini ya 20, zinarudisha volti 3.3 kutoka kwenye monita kwenda kwenye kadi. Mashine nyingine hukataa kuwaka kwa sababu hiyo tu. Tumia HDMI, na monita ichomoe kabisa ukutani dakika chache kabla ya kujaribu.

#8 Mleta uzi

Nimejaribu HDMI, nimejaribu na TV, nimejaribu hata bila kuchomeka monita yoyote. Milio haibadiliki. Nilichomeka pia monita kwenye mazabodi huku kadi ikiwa ndani, nako giza. Ina maana mazabodi nayo imekufa?

#9 Fundi

Hapana, usiende huko. Mazabodi nyingi zikiona kadi kwenye sloti zinaizima grafiki ya ndani ya prosesa zenyewe. Kwa hiyo giza kwenye tundu la mazabodi huku kadi ikiwa ndani halithibitishi chochote. Toa kadi kabisa, ndipo uchomeke monita hapo. Naamini utapata picha.

Kuhusu kadi, usikate tamaa kabla ya kipimo kimoja ambacho hakina ubishi. Ipachike kwenye mashine ya mtu mwingine, ikiwezekana mpya kuliko yako. Ikiwaka, tumeokoa siku nyingi za kubahatisha. Isipowaka, irudishe kwa moyo mweupe.

#10 Mleta uzi

Mrejesho. Bila kadi, monita kwenye mazabodi: picha imekuja, BIOS naiona, Windows inafunguka.

Kadi nimeipeleka kwa rafiki yangu, mashine yake ni ya juzi juzi. Tumepachika, tumewasha, nembo imetokea ndani ya sekunde chache. Nimekaa naiangalia tu. Tumecheza gemu saa nzima, haijatetereka. Kadi ni nzima! Sasa mbona kwangu inagoma?

#11 Fundi

Hongera, na asante kwa kuwa na subira. Sasa narudi kwenye sentensi uliyoiandika ukurasa wa kwanza kwa kupita tu: Windows yako ilianza kama 7, ukaipandisha, hukuwahi kufomati. Tangu umesema hivyo nilikuwa nayo kichwani.

Nieleze kwa ufupi kinachotokea. Kila kadi ya grafiki ina programu ndogo kwenye chipu yake, inayoifundisha mazabodi namna ya kuonyesha picha kabla Windows haijaamka. Zamani programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya BIOS ya kale. Baadaye ikaja UEFI, mrithi wa BIOS hiyo, nayo inataka programu ya aina nyingine inayoitwa GOP. Mazabodi za kipindi chako zinajua lugha zote mbili. Kuna kipengele kinaitwa CSM, kazi yake ni kuifanya UEFI ijifanye BIOS ya kale ili Windows 7 na kadi za zamani ziweze kufanya kazi. CSM ikiwashwa na kuwekwa Legacy, mazabodi inatafuta kwenye kadi programu ya kale. Kadi nyingine za sasa haziibebi tena. Mazabodi inauliza, hakuna anayejibu, inalia mlio mrefu na mifupi mitatu.

Siyo nadharia yangu. Intel wenyewe, kwa kadi zao za Arc, wanaelekeza UEFI itumike na CSM izimwe. Na kinyume chake kipo pia: kadi ya zamani isiyo na GOP, ukiipachika kwenye mashine ambayo CSM imezimwa, utapata giza hili hili.

Fungua Windows kwa grafiki ya ndani. Bonyeza Windows na R pamoja, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Niambie umeandikwa nini.

#12 Mleta uzi

Umeandikwa Legacy. Nikaingia BIOS nikaona CSM imewashwa.

Nilitaka kuizima pale pale, nikasita. Nikiizima Windows itafunguka?

#13 Fundi

Umesita vizuri. Haitafunguka. Diski yako bila shaka imegawanywa kwa mpangilio wa kale, MBR, na Windows ikiwa kwenye UEFI inahitaji mpangilio mpya, GPT. Lakini huna haja ya kufomati. Tangu Windows 10 toleo la 1703 Microsoft wameweka kifaa ndani ya Windows chenyewe, kinaitwa mbr2gpt, kinageuza diski bila kufuta mafaili.

Kabla ya yote, bekapu. Kifaa hiki ni cha kuaminika, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna atakayekuhurumia. Picha za familia, kazi zako, vyote viwe kwenye diski nyingine ambayo umeichomoa. Kama unatumia BitLocker, ile inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, isimamishe na uandike ufunguo wake pembeni, maana kuchezea BIOS kunaweza kuifanya iuulize.

Kadi mpya ikiwa bado nje, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Hii inakagua tu, haibadilishi kitu. Kwanza hakikisha 0 ndiyo diski yenye Windows. Ukaguzi ukikataa, mara nyingi ni kwa sababu diski ina vigawanyo vikuu zaidi ya vitatu. Ukikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikimaliza, zima mashine, iwashe, ingia BIOS moja kwa moja, zima CSM, hifadhi. Acha Windows ifunguke mara moja kwa grafiki ya ndani ili tujue upande huo ni salama. Mazabodi ikiwa na toleo jipya la BIOS, hapo ndipo pazuri pa kuliweka, ukiwa bado una picha ya kuangalia.

Baada ya hapo zima, pachika kadi, tazama kwa ubavu kama jana.

#14 Mchangiaji wa tatu

Samahani kuingilia, naona uzi umeiva. Yangu ni tofauti: nembo naiona, kiduara cha Windows kinazunguka, halafu giza. Nilitoka kadi ya kampuni moja nikaenda ya kampuni nyingine.

#15 Fundi

Hiyo ni hali ya tatu, mkuu. Kadi yako na mazabodi vinaelewana, ugomvi uko kwenye draiva. Kwanza jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo inaamsha upya draiva ya grafiki, na ukisikia mlio mfupi ujue Windows iko hai. Ikishindikana, zima kwa nguvu mara mbili tatu ikiwa katikati ya kufunguka, itakupeleka kwenye ukurasa wa matengenezo, chagua hali salama. Ukiwa humo, safisha draiva za zamani kwa programu ya DDU, washa upya, kisha weka draiva mpya ya kadi uliyonayo.

Na kama una monita mbili, angalia zote. Nimewahi kukaa saa nzima na mtu, kumbe Windows ilikuwa inaonyesha kwenye TV iliyozimwa.

#16 Mchangiaji wa nne

Na sisi wenye kadi za plagi ndogo ya pini 16?

#17 Fundi

Plagi hiyo inabeba hadi wati 600, na ilianza vibaya. Mwaka 2022 watu walionyesha plagi zilizoyeyuka kwenye RTX 4090, nyingi zikiwa hazikuingia hadi mwisho. Toleo lililofuata, 12V-2x6, limefupishwa zile pini nne ndogo za ishara, ili plagi isipozama vizuri kadi isipate ruhusa ya kuvuta umeme. Kwa hiyo giza kwenye kadi hizo linaweza kuwa ulinzi tu unafanya kazi yake. Sukuma hadi kusiwe na nafasi hata ya ukucha kati ya plagi na tundu, na usiikunje kebo karibu na plagi.

Na kama kadi imesimamishwa kwa kebo ya kurefushia sloti, hakikisha kebo hiyo inaendana na kizazi cha PCIe cha kadi. Kebo ya kizazi cha 3 na kadi ya kizazi cha 4 au 5 ni chanzo kikubwa cha giza. Ingia BIOS, funga sloti kwenye Gen 3, au pachika kadi moja kwa moja kwenye mazabodi.

#18 Mleta uzi

Wakuu, imewaka.

Nieleze kwa utaratibu kwa atakayekuja baadaye. Bekapu ilichukua jioni nzima. Ukaguzi wa mbr2gpt mara ya kwanza ulikataa. Nilikuwa na kigawanyo cha nne, kidogo, cha mtengenezaji wa ile diski, nimehamisha vilivyokuwamo nikakifuta. Mara ya pili ukakubali, na kugeuza kwenyewe hakukufika dakika moja. Nikaingia BIOS, nikazima CSM, nikahifadhi. Windows ikafunguka kwa grafiki ya ndani, na msinfo32 sasa inaandika UEFI.

Nikazima. Nikapachika kadi nikiwa nimelala chini na tochi mdomoni, nikasikia "tak", nikakaza skrubu, nikachomeka kebo, nikawasha. Taa ya CPU ikapita, DRAM ikapita. VGA ikawaka, nikashika pumzi. Ikazimika! Halafu nembo ikajaa skrini nzima, kubwa kuliko nilivyozoea, na feni za kadi zikasimama zenyewe kama Fundi alivyosema siku ya kwanza.

Draiva nimeweka, nimejaribu mzigo kwa dakika arobaini, joto halijavuka nyuzi 68. Pawasaplai ni ile ile ya wati 650.

Fundi, Mungu akubariki. Ule ujumbe wa kuirudisha ulikuwa umebaki kubonyeza kitufe cha kutuma tu. Nimehariri bandiko la kwanza, nimeandika juu kabisa kwamba imetatuliwa, na chini yake nimeweka kiungo cha jibu namba 11 na 13.

#19 Mchangiaji wa kwanza

Hongera mkuu. Na mimi nimeenda kuangalia msinfo32 yangu baada ya kusoma hapa. Legacy. Naanza bekapu usiku huu.